Bwato imeingia majini Jumamosi, mpaka leo inaingiza maji. Nisubiri mbao zivimbe ao niipandishe tena?

#1 Baba_Muhumba (Bukavu)
Jambo bote. Niko na bwato ya mbao, metre 7, mbele iko na kachumba ka kulala batu babili, motere ya ndani ya mazuti (dizeli), silinda mbili. Si ya biashara, ni ya kutembea na familia, Idjwi, Birava, siku zingine tunafika mpaka Goma tunalala njiani. Mwezi wa kumi na mbili tuliipandisha juu ya magogo tukaifunika na bashi, ikakaa miezi tano juu pesa ya kazi ilikuwa inakuja kidogo kidogo. Tulikwangua rangi yote mpaka kwenye mbao, upande wa kuume fundi akafunga mistari na pamba na mastiki, upande wa kushoto pamba ikaisha akaweka epoksi, kisha rangi mara mbili. Jumamosi saa tatu ya asubuhi vijana kumi na bane wakaishusha, ikaingia vizuri kabisa, batoto bakapiga makofi.

Nusu saa haikufika, nafungua ubao wa chini nakuta maji. Haikuwa inaruka, ilikuwa inatoka kama jasho kwenye mistari, mahali mingi, ukimulika na torshi unaona inang'aa tu. Mpaka saa sita nilikuwa nimemwaga ndoo 18 (ndoo ya litre 10). Mangaribi ikawa ndoo 5 kwa saa. Siku ya Mungu asubuhi 3. Leo Jumanne ni ile ile 3, haishuki tena.

Fundi anasema ngoja zivimbe. Shemeji anasema pandisha leo leo. Tarehe 30 Juni tulipanga Idjwi na batoto. Mwenye alishapitia hii aniambie.

#2 Kituku_Kwetu (Goma)
Pole yaya. Usiogope sana, mbao ikikaa juu miezi tano inajikaza, mistari inafunguka, ikinywa maji inajifunga yenyewe. Pirogi ya baba yangu kila mwaka tulikuwa tunaizamisha kabisa pembeni siku ine, tunatia mawe ndani isielee, siku ya tano tunaitoa, tunaimwaga, inakuwa kavu kama sahani. Siku tatu si kitu. Ngoja wiki moja, lakini usiku mtu mmoja alale humo na ndoo.

#3 Shela_Omo (Lamu)
Salaam. Neno moja kwanza: chombo hushuliwa, hakishushwi. Kinachoshushwa ni mzigo.

Sasa kwenye shida yako. Kalafati ya pamba, yaani kuziba mianya ya mbao, haitiwi vivi hivi, fundi lazima ajue mbao zimekauka kiasi gani. Akishindilia pamba nyingi kwenye mbao kavu, zikivimba hazina pa kwenda, ama pamba itatemwa nje ama mbao itasukuma mataruma (mbavu za chombo), na hapo ndipo misumari hulegea. Akitia kidogo, maji huingia siku za mwanzo halafu hukata. Kwa hiyo alitia kiasi gani? Na jambo la pili, onja maji ya ngama, yale yanayokusanyika chini ndani ya chombo. Yakiwa ya chumvi yametoka chini, yakiwa matamu yametoka juu, ni mvua imepita kwenye sitaha.

#4 Mwana_Idjwi
Babu wa Lamu shikamoo, huku ziwa haina chumvi 😀 akionja ataonja mazuti tu

#5 Dada_Himbi (Goma)
Baba Muhumba asante kwa kuhesabu ndoo, wengi wanakuja kuuliza na "maji mingi" tu, hapo hatuna cha kushika.

Angalia namba zako mwenyewe. Ndoo 18 kwa saa tatu ni 6 kwa saa. Kisha 5. Kisha 3. Kisha 3 tena, na tena. Ile iliyotoka 6 ikafika 3 ndiyo mbao iliyovimba, Kituku_Kwetu ana haki. Lakini hii 3 iliyokaa siku mbili bila kusogea mimi hainikai vizuri, mbao ikinywa maji inaendelea kupunguza kidogo kidogo, haisimami kama mtu amefunga mlango. Ndoo 3 kwa saa ni nusu litre kila dakika. Hiyo ina mahali pake moja inapopita, au mbili.

Kwanza nenda nyuma pale shafti, ile chuma inayozungusha elisi (panga), inatokea nje. Pale kuna kamba ya mafuta imezungushwa kuziba maji, na bulo (bolti) mbili za kuikaza. Motere ikikaa miezi tano juu, ile kamba inakauka inakuwa ngumu kama mukeka. Kwangu ilifanya hivyo, nilitafuta kwenye mbao siku tano nzima, nikatoboa mpaka rangi mpya, na maji ilikuwa inapita nyuma ya motere inatelemka chini ya mbao inakuja kuonekana mbele. Maji haikuambii imetoka wapi, inakuonyesha tu fasi imefikia.

#6 Baba_Muhumba
Asante dada. Nimetoka sasa hivi kuangalia. Kwenye shafti, motere imezimwa, ni matone, nimehesabu na saa ya mkono, 20 kwa dakika.

#7 Dada_Himbi
Matone 20 ni kijiko kidogo cha chai kila dakika tano. Hiyo si nusu litre. Kaza kidogo, robo ya zungusho kila bulo, upande huu na upande huu sawa sawa, kisha washa motere, shafti ikizunguka iachie matone machache, ndiyo yanaipooza. Ukikaza mpaka ikauke kabisa itapata moto, weka mkono utasikia. Lakini adui yako mkubwa hayuko pale, ninakubali nimekosea hapo.

#8 Fundi_Libuyu (Goma)
Mimi nimejenga bwato za mbao miaka 19, nisikilizeni. Shida iko kwenye post ya kwanza na hakuna aliyeisoma vizuri: UPANDE WA KUSHOTO EPOKSI. Epoksi ikikauka inakuwa jiwe. Mbao inataka kupumua, inavimba na inarudi, pamba inakubali kubanwa, epoksi haikubali. Kwa hiyo upande wa kuume umeshajifunga kwa pamba, hiyo ndiyo ndoo zilizopungua. Upande wa kushoto mbao imevimba, imesukuma ile jiwe, jiwe imebanduka upande mmoja wa mstari, sasa una ufa mwembamba kama unywele kutoka mbele mpaka nyuma. Hautajifunga hata ungoje mwaka. Pandisha, toa epoksi yote na patasi, rudisha pamba. Pole kwa pesa.

#9 Rangi_na_Resini (Bukavu)
Fundi ninakuheshimu lakini si kweli kila mahali. Epoksi watu wanajengea bwato nzima za mbao duniani kote na hazivuji.

#10 Fundi_Libuyu
Zile ni mbao zilizogandishwa zote na epoksi toka siku ya kwanza, ndani na nje, hazinywi maji kabisa ndiyo maana hazivimbi. Yake ni ya mbao na misumari, inakunywa. Ukichanganya dawa mbili kwenye mgonjwa mmoja unamwua.

#11 Rangi_na_Resini
Hapo sawa. Lakini bado hatujui kama maji inapita kushoto. Hakuna aliyeona.

#12 Ujiji_Boti (Kigoma)
Habari za huko jirani. Sisi Tanganyika njia yetu ni unga wa mbao, ule laini wa msumeno. Unajaza kwenye gunia, mtu anapiga mbizi anaufungulia chini ya boti pale panapovuja, maji yanavyoingia yanauvuta unaziba mstari, mbao zinapata muda wa kuvimba. Nimefanya kwenye boti ya mita 9, kutoka kumwaga usiku kucha mpaka ndoo moja asubuhi. Halafu tukitoka hapo mje mtushukuru kwa sambaza, vile visamaki vyenu vidogo, hao ni lumbu wetu walipelekwa Kivu kati ya 1958 na 1960, mlikuwa mnakula nini kabla?

#13 Mwana_Idjwi
Tulikuwa tunakula samaki kubwa 😀 lakini asante kwa sambaza, hapo umetushinda

#14 Kituku_Kwetu
Unga wa mbao ni dawa ya boti iliyofungwa kwenye bandari. Ukitoka kwenye mawimbi mbao inacheza, unga unatoka wote, na uko katikati ya ziwa. Usimpe mtu wa familia hiyo.

#15 Ujiji_Boti
Sijasema asafiri nayo. Nimesema imsaidie kuona. Ukiweka unga upande wa kushoto ndoo zikapungua, umejua ni kushoto. Si ndicho Rangi anachouliza pale #11?

#16 Labo_ya_Maji (Bukavu)
Samahani nachelewa kuingia, ni ile post ya babu wa Lamu (#3) imenivuta. Mwana_Idjwi umecheka lakini mzee hayuko mbali na ukweli. Kivu si maji matupu kama watu wanavyodhani. Maji ya juu ya ziwa hii yana chumvichumvi za mawe ya volkano karibu gramu moja kwa kila litre, magineziamu nyingi sana, ndiyo maana ukifua na sabuni pale ufukweni povu haiji vizuri. Ulimi hautasikia, lakini kuna kamashine kadogo ka kupima namna maji inapitisha umeme. Ziwa inasoma karibu 1,200. Mvua inasoma makumi tu. Kwa hiyo ukipima maji ya chini ya bwato utajua ni ya ziwa ao ni ya mvua, na wiki hii mvua bado inanyesha, kiangazi haijaingia.

Niko nako. Baba Muhumba niandikie kwa siri nikuletee, niko Ibanda, si mbali.

#17 Shela_Omo
Alhamdulillah. Mwanangu wa Idjwi umesikia?

#18 Mwana_Idjwi
Nimesikia babu, nimeondoa kicheko. Sasa niulize na miye, hiyo gazi ya chini ya ziwa haiwezi kupunguza nguvu ya maji kubeba bwato? Watu wanasema kilo ya bwato inaongezeka ukiwa katikati.

#19 Labo_ya_Maji
Hapana. Gazi iko nyingi kweli, kama kilometa 60 za mchemraba za metani na 300 za gazi kaboniki, lakini imefungwa chini, kuanzia kama metre 260 kwenda chini, na ziwa ina metre karibu 480. Juu pale unapopita maji ni ya kawaida, inakubeba vilevile.

#20 Dada_Himbi
Ila gazi ya nchi kavu ndiyo mwenye bwato wa Goma anatakiwa kuiogopa, na hatuisemi kwenye nyuzi za kutengeneza bwato. Mazuku. Huku Himbi, Kyeshero, kwenda Bulengo, watu wanachimba kashimo pembeni ya ziwa wapate kuingiza bwato isimame vizuri, kisha saa kumi na mbili ya asubuhi, hewa imetulia, fundi anaingia kulala chini ya tumbo ya bwato kupiga rangi. Gazi kaboniki ni nzito, inalala kwenye mashimo kama maji, haionekani, haina harufu ya kukuamsha. Kwetu kabla ya mtu kuingia chini tunaangalia: panya, mijusi, ndege waliokufa. Na tunangoja jua ipande upepo uanze. Mtu wa Bukavu mambo hii hamna, mushukuru Mungu.

#21 Bahati_40 (Goma)
Jamani samahani nachomekea, sitaki kufungua uzi mpya. Miye niko na motere ya nyuma, Yamaha 40, ile ya kuchanganya mafuta na esanzi (petroli), nilinunua Mwanza mwaka jana ikiwa inakimbia kabisa na watu sita. Toka nimeileta Goma inakataa kupanda juu ya maji, pua inaangalia juu tu. Fundi anasema ni urefu wa Goma, hewa ndogo. Kweli?

#22 Ujiji_Boti
Kweli kabisa. Motere inapoteza karibu asilimia 3 kila mita 300 unazopanda. Kivu iko mita 1,460, ukitoka usawa wa bahari umepoteza kama asilimia 15. Badilisha panga, weka lenye mkato mdogo, na fundi apunguze jeti za kabureta.

#23 Dada_Himbi
Ujiji hesabu yako ni ya mtu aliyetoka Mombasa. Huyu ametoka Mwanza, na Victoria yenyewe iko juu, mita 1,134. Kutoka pale mpaka hapa ni mita 326. Hiyo ni asilimia 3 na kidogo, huwezi kuisikia kwenye mkono. Bahati, urefu si sababu yako. Angalia elisi kama meno yamekula jiwe (Goma jiwe ya lava iko mpaka ndani ya maji, inakata kama wembe), na angalia esanzi yako unanunulia wapi. Mimina kidogo kwenye chupa nyeupe iache usiku mmoja, asubuhi uangalie chini kama kuna mstari wa maji.

#24 Ujiji_Boti
Umenishika. Nilisoma "Goma" sikusoma "Mwanza". Namba zenyewe lakini ziko sawa.

#25 Bahati_40
Elisi iko na jino moja limepinda. Chupa nitafanya leo. Mafuta nachanganya 50 kwa 1. Asanteni.

#26 Fundi_Libuyu
Na ile bwato ya chini yenyewe ni ya nini? Kama ni ya mbao na umeiacha majini mwaka mzima imekunywa, uzito umeongezeka. Kila mtu anaangalia motere hakuna anayeangalia mbao.

#27 Bahati_40
Ni ya fibri.

#28 Fundi_Libuyu
Basi sina neno.

#29 Mama_Kyeshero (Goma)
Mimi si fundi. Nimesoma uzi wote juu nimeona "30 Juni na batoto".

Tarehe 3 Oktoba 2024 nilikuwa pembeni ya maji pale Kituku, nilikuwa nangoja mzigo. Ile bwato ilikuwa imetoka Minova, ilikuwa imeshafika, watu pale nchi kavu walikuwa wanapungia wenyewe mikono. Ikalala upande. Ilikuwa imebeba watu kupita kiasi, na wengi hawakuwa na jile (koti la kuelea). Sitaandika zaidi.

Baba Muhumba, yako ni ndogo na ni ya familia, si sawa na ile, ninajua. Lakini bwato inayoingiza nusu litre kila dakika ikiwa imefungwa kwenye kamba, ikiwa na watu nane ndani na mawimbi ya saa nane ya mchana itaingiza ngapi? Ninakuomba kama dada yako, usiweke tarehe mbele ya bwato. Bwato iseme yenyewe iko tayari. Na jile ya kila mtoto, ya kipimo chake, si ya mkubwa imefungwa na kamba.

#30 Baba_Muhumba
Mama, nimekusikia. Tarehe 30 nimeitoa. Nimewaambia batoto tutaenda wakati itaisha kutengenezwa, wamelia kidogo. Jile tulikuwa nazo sita, nimetafuta mbili ndogo.

#31 Kituku_Kwetu
Hapo umefanya vizuri yaya. Na hata ikitengenezeka, kiangazi upepo wa kusini unaamka mchana, toka saa kumi na mbili asubuhi, saa nne uwe umeshafunga kamba Idjwi.

#32 Mtu_wa_Birava
Kitu ingine hamjaisema: maji ya ziwa sasa iko juu, mwisho wa mvua. Ikifika Septemba inakuwa imeshuka, pale Muhumba njia ya kuvuta inakuwa ndefu na matope. Kama ni kupandisha, pandisha sasa magogo yako yakiwa bado karibu na maji. Ukingoja zivimbe mpaka mwezi wa nane utavuta na watu thelathini.

#33 Zinki_Zanzibar
Mmeangalia misumari? Boti ya mbao ikikaa inavuja mahali pamoja mara nyingi ni msumari umeliwa na kutu, mbao iko nzima, ila tundu lake limebaki. Una zinki chini?

#34 Baba_Muhumba
Iko moja karibu na shafti. Ina miaka mitatu, haijaliwa hata kidogo, bado nzima.

#35 Zinki_Zanzibar
Basi haifanyi kazi! Zinki kazi yake ni kuliwa badala ya shafti na misumari yako. Ikiwa nzima baada ya miaka mitatu maana yake kitu kingine ndicho kimeliwa. Kwenye maji baridi zinki hujifunika ganda jeupe ikalala. Maziwani watu huweka magineziamu.

#36 Labo_ya_Maji
Polepole hapo. Kwenye mto wa maji matupu ndiyo magineziamu. Kivu na hiyo 1,200 yake iko katikati, si bahari si mto. Magineziamu humu inaweza kuisha haraka kuliko unavyofikiri. Mimi ningeweka aluminiamu, na hata hapo ningeitazama kila miezi mitatu.

#37 Zinki_Zanzibar
Nakubali aluminiamu. Lakini misumari aitazame hata hivyo.

#38 Baba_Muhumba
Majibu ya kamashine. Ndugu wa Labo amekuja saa kumi, tumepima pamoja, asante sana. Ziwa pembeni ya bwato: 1,210. Maji ya chini ya bwato: 870.

#39 Mwana_Idjwi
Kwa hiyo ni nini?

#40 Labo_ya_Maji
Ukichukua kwamba mvua ni karibu sifuri, ni kama robo tatu ziwa na robo moja mvua. Lakini sikupima mvua yenyewe, na kutu na sabuni ya kusafishia ndani zinapandisha namba, kwa hiyo mvua inaweza kuwa zaidi ya robo.

#41 Shela_Omo
Nilisema sitaha.

#42 Fundi_Libuyu
Robo tatu ni ziwa. Nilisema kushoto.

#43 Rangi_na_Resini
Ama ni mvua ya zamani iliyojificha chini ya mawe ya uzito toka bwato iko juu, bashi ilikuwa inavuja labda. Basi namba hiyo haituambii kitu juu ya leo.

#44 Dada_Himbi
Haiwezekani Rangi. Anamwaga litre 30 kila saa toka Jumamosi, mvua ya mwezi wa tatu ingekuwa imeshatoka yote siku ya kwanza. Hiyo ni mvua mpya. Baba Muhumba, usiku wa Jumatatu mvua ilinyesha Bukavu?

#45 Baba_Muhumba
Ilinyesha, kutoka saa saba ya usiku mpaka karibu asubuhi. Na jana mangaribi tena kidogo.

#46 Dada_Himbi
Basi hata ile "3 haishuki" yangu ya #5 imeharibika. Inawezekana mbao iliendelea kuvimba, ziwa ikapungua, mvua ikaongeza, wewe ukaona 3 ile ile. Hesabu tena siku ambayo mvua haikunyesha, na kabla ya kuhesabu mwaga yote, kausha na kitambaa mpaka unaona mbao, kisha nyunyiza unga. Wa muhogo, wowote, mweupe. Zima torshi, ngoja dakika kumi, washa. Maji itachora njia yake kwenye unga.

#47 Kituku_Kwetu
Unga wa bugali unatupwa kwenye bwato, mama yangu akisikia 😀

#48 Baba_Muhumba
Nimefanya leo asubuhi, mvua haikunyesha usiku wote. Shemeji alishika torshi, miye nililala kwa tumbo. Iko njia tatu.

Ya kwanza inatoka nyuma, nyembamba, ya shafti, inajulikana. Ya pili inatoka kushoto, chini ya kitanda, kama metre moja na nusu kutoka mbele, si mstari mrefu, ni mahali padogo kama kiganja, maji inatoka pembeni ya epoksi na pembeni ya kichwa cha msumari, zote mbili ziko karibu, sikuweza kujua ni ipi. Niligusa epoksi na ukucha kipande kikabanduka, kidogo, kama ganda la yai. Chini yake mbao iko nyeusi. Kichwa cha msumari nacho kiko na kutu, lakini hakichezi.

Ya tatu ndiyo imenishangaza. Inatelemka kwenye kona ya kachumba, kutoka juu, na mvua haikunyesha. Nilifuata na kidole mpaka chini ya ubao wa sitaha, mbao pale imelowa kama sifongo, inaachia maji ya juzi polepole.

#49 Fundi_Libuyu
Ganda la yai. Hiyo ndiyo epoksi ninayosema.

#50 Zinki_Zanzibar
Mbao nyeusi kuzunguka msumari ni kutu ya chuma inakula mbao. Toa msumari mmoja tu pale, utazame shingo yake. Kichwa kinaweza kuwa kizima na shingo imebaki kama sindano.

#51 Fundi_Libuyu
Usitoe msumari bwato ikiwa majini!!

#52 Zinki_Zanzibar
Bila shaka, baada ya kupandisha.

#53 Shela_Omo
Na sitaha msiisahau. Mbao ya sitaha ikilowa hivyo haikauki kwa kufunikwa, hukauka kwa upepo. Fungua vidirisha, toa magodoro, usipige rangi juu ya unyevu. Huku kwetu wazee hupaka sifa, mafuta ya papa, mbao inakunywa mpaka inakataa maji.

#54 Mwana_Idjwi
Papa tutatoa wapi Kivu babu?

#55 Shela_Omo
Nikipata mtu wa kuja Bukavu nitampa chupa moja. Harufu mtavumilia.

#56 Ujiji_Boti
Kabla ya kupandisha jaribu ule unga wa mbao pale penye kiganja, dakika ishirini tu. Ukiziba, ndoo zikashuka, umejua kiasi gani kinatoka pale na kiasi gani bado hujakiona. Ukipandisha bila kujua, utafunga pale, utashua tena, na utarudi hapa.

#57 Kituku_Kwetu
Miye bado nasema ipe wiki. Leo ndoo ngapi yaya?

#58 Baba_Muhumba
Bila mvua, kutoka saa mbili mpaka saa tatu, nimehesabu mara mbili: mbili na nusu.

#59 Kituku_Kwetu
Unaona.

#60 Fundi_Libuyu
Ninaona mbili na nusu. Nikiwa na nafasi Ijumaa ninapanda canot rapide (boti ya mbio ya abiria) nakuja Bukavu kuangalia na macho yangu, tiketi ninalipa miye. Magogo usiyatoe pale.

#61 Baba_Muhumba
Karibu sana fundi, utalala kwetu. Ndoo iko mbili.